Panya shamba: kwa nini chuo kikuu kinawahesabu kila mwezi

Mkulima wa mahindi anayekuta vishimo vitupu kwenye mstari siku tatu baada ya kupanda hahitaji kuambiwa nani kapita. Panya shamba hufukua mbegu usiku, na zilizosalimika huzikata zikiwa bado miche. Baada ya wiki mbili hivi hatari hupungua sana, lakini kufikia hapo mkulima ameshanunua mbegu ya kurudishia na mvua imesonga mbele. Watafiti hukadiria kuwa Tanzania hupoteza kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi kila mwaka kwa sababu ya panya. Huo ni wastani tu. Mwaka wa mlipuko, shamba moja linaweza kufagiliwa lote na la bonde la pili likabaki salama.

Wakulima wakija kutafuta msaada, wengi huomba sumu. Kwa maoni yangu ombi hilo huja limechelewa. La kuulizwa kwanza ni hili: msimu huu panya watakuwa wengi au wachache, na tutajuaje kabla hatujapanda?

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kimekuwa kikilitafutia jibu swali hilo pale Morogoro tangu miaka ya 1980. Kazi yenyewe haina mbwembwe. Katika eneo la hekta 3 hupangwa mitego 300 isiyoua, kwa usiku tatu mfululizo kila mwezi. Anayenaswa hupimwa uzito, huangaliwa kama ni dume au jike na kama ana mimba, hutiwa alama, kisha huachiwa palepale. Mwezi unaofuata watafiti wanarudi kuona nani bado yupo na nani mgeni. Zoezi hilo limeendelea tangu 1994, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji. (Wasomaji wengi wanaijua SUA kwa panya buku wa shirika la APOPO, wanaonusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Hao ni jamii nyingine kabisa. Huyu wa shambani anaenea kiganjani.)

Kuhesabu huko kumeonyesha kwamba panya shamba huzaa kwa kufuata mvua, kwa kuwa mvua huotesha majani machanga na kuleta chakula. Katika mwaka wa kawaida Morogoro, uzazi huanza masika ikishakolea, idadi hufika kileleni mwishoni mwa mwaka, kisha hushuka hadi masika nyingine. Vuli ikinyesha kwa wingi, mambo hubadilika. Uzazi huanza mapema, na watoto waliozaliwa mapema hukomaa na kuzaa mwaka uleule badala ya kungoja. Jike hubeba mimba wiki tatu na siku chache, na uzao mmoja unaweza kuwa na watoto kumi au zaidi. Kutoka panya wachache kwa hekta mnafika mamia. Kwa hiyo anayepima mvua ya Novemba hadi Januari anaweza kuonya miezi kadhaa kabla ya balaa lenyewe. Uchambuzi wa takwimu za panya wa Morogoro ulichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1997.

Mwenye duka la pembejeo hawezi kufanya kazi hii, wala simlaumu. Riziki yake ni kuuza sumu, na tahadhari kwamba mwaka huu hamtaihitaji haimwingizii kitu. Hesabu ya miaka mingi isiyozaa bidhaa hufanywa na taasisi ya umma, au haifanywi kabisa.

Na sumu nayo ina masharti. Zinki fosfaidi, mojawapo ya sumu za panya, huua haraka, lakini panya aliyeonja kidogo akapona huisusia. Ukiweka chambo peke yako, panya wa vichaka vya jirani huhamia kwako baada ya muda mfupi, kwa hiyo kazi hii ni ya kijiji kizima, kwa wiki moja, kabla ya kupanda. Utayarishaji wa shamba pia una uzito. Majaribio ya Morogoro yalikuta panya wachache zaidi kwenye mashamba yaliyolimwa kwa trekta kuliko yale ya kufyeka na kuchoma moto. Bundi je? Viota vya kutengeneza na miti ya kutua vilijaribiwa, na ndege hao hawakutosha kuzuia ongezeko. Hata hivyo msiwaue kwa hofu ya uchawi, wanawala panya.

Kinachonisumbua ni njia ambayo maarifa haya hupitia. Marekani, tangu sheria ya Smith-Lever ya 1914, huduma ya ugani imefungamanishwa na vyuo vikuu vya umma, hivyo mtafiti na bwana shamba mara nyingi wana mwajiri mmoja. Kwetu afisa ugani yuko chini ya halmashauri. Huenda alisomea SUA, lakini kusomea huko pekee hakumfikishii onyo la panya. Lazima mtu alipeleke, na halmashauri iwe na fungu la kulifanyia kazi kabla miche haijakatwa. Kifaa cha kupimia mvua kwenye shule ya kata, daftari, na dakika kumi kwenye mkutano wa kijiji mwezi Januari vingesaidia kuliko gari la sumu linalofika Aprili.

Kuhusu fedha, nchi imetegemea mno miradi ya wafadhili kwa utafiti wa namna hii. Mradi una tarehe ya mwisho, na panya hana. Mishahara ya wanaotega mitego kila mwezi ingepaswa kuwa kwenye bajeti ya kawaida ya chuo, pamoja na ya walimu.