Sindano ya Kuchukua Kinyama Haisambazi Saratani ya Matiti

Saratani huanzaje?
Huanza pale jeni za seli moja zinapoharibika, nayo ikaendelea kujigawa bila kipimo. Saratani ya matiti ndiyo inayogunduliwa zaidi nchini Kenya, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni uvimbe mgumu usiouma. Kutouma si nafuu.

Kwa nini seli hizo hazifi?
Seli ya kawaida ikiharibika kupita kiasi hujiua, na protini iitwayo p53 ni miongoni mwa zinazotoa amri hiyo. Katika takriban nusu ya saratani za binadamu jeni ya p53 imeharibika, hivyo amri haitoki. Nyingine huzidisha protini ya BCL-2 inayozuia seli kujiua, na baadhi hujivika PD-L1, inayozituliza seli za kinga zisishambulie.

Husambaa vipi?
Seli hubanduka, hupenya kwenye mishipa ya limfu na ya damu, na ingawa nyingi hufa njiani, chache huota kwapani, kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo.

Je, sindano ya kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, huiamsha saratani na kuisambaza?
Hapana. Swali hili huulizwa karibu kila wiki katika kliniki yetu hapa Eastlands, Nairobi, na jibu halibadiliki: hapana. Ninachokiona ni mama anayegundua uvimbe ulio kama punje ya harage mwezi wa Machi, akaonywa na majirani asikubali kuchomwa, akanywa mitishamba hadi Krismasi ikapita, kisha akaja ngozi ya titi ikiwa imepasuka na kwapa limejaa vinundu. Hapo ndipo anapokubali sindano. Akifariki baada ya miezi michache, mtaa mzima husema sindano ndiyo iliyomuua, na miezi tisa ya mitishamba haitajwi na mtu.

Lakini shangazi yangu alipasuliwa, na ikaonekana imefika kwenye ini.
Kisu hakikuipeleka huko. Seli zilizofika kwenye ini zinaweza kukaa muda mrefu zikiwa ndogo mno kuonekana kwenye picha, kwa hiyo zilizojitokeza baada ya upasuaji kwa kawaida zilikwishahama kabla yake.

Kwa nini daktari asinipe dawa tu bila hicho kinyama?
Kwa sababu hicho ndicho kinachoonyesha kama ni saratani kweli, maana vivimbe vingi vya matiti si saratani, na kama ipo, iwapo inalishwa na homoni au ina HER2 nyingi, protini inayochochea seli kukua. Dawa huchaguliwa kwa majibu hayo.

Naweza kungoja kidogo?
Usingoje. Uvimbe mgumu, chuchu inayoingia ndani au kutoa damu, au ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, vyote ni vya kuonyeshwa wiki hiyohiyo. Na ukishachukuliwa kinyama, rudi uchukue majibu. Tunayo ambayo wenyewe hawajayafuata tangu mwaka jana.