Homa ya ini ikikutana na kisukari: yanayosemwa na ukweli wake

Mtu anayeishi na homa ya ini B au C, akija kugundulika na kisukari, mara nyingi hupewa daftari la pili na siku nyingine ya kliniki. Huku wanamwangalia sukari, kule wanamwangalia ini. Magonjwa haya mawili hayakai mbalimbali mwilini, na kuyatenganisha ndiko kunakozaa mengi ya haya tunayoyasikia.

"Kisukari ni ugonjwa wa kongosho, ini halihusiki."

Linahusika sana. Katika kisukari aina ya 2 mwili hauitikii insulini vizuri, hivyo kongosho huongeza kuitoa. Insulini hiyo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa kwingine, na ikizidi huchochea seli kujigawa na mafuta kurundikana. Ini lenye kirusi tayari lina seli zinazokufa na kuzaliwa upya kila siku, na kila seli inapojigawa kosa linaweza kuingia kwenye vinasaba. Ongeza mafuta na uvimbe wa ndani, makovu yanakuja haraka zaidi. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mwenye kisukari ana hatari ya saratani ya ini kwa takribani mara 2 ya asiye nacho. Kirusi cha C chenyewe husababisha mwili usiitikie insulini, kwa hiyo kinaweza hata kuchangia kisukari kuanza.

"Sina sirosisi, saratani haiwezi kunipata."

Kwa homa ya ini C, saratani kwa kawaida hupitia kwenye sirosisi (ini lililojaa makovu magumu) kwanza. Ya B haisubiri: kirusi hupachika vinasaba vyake ndani ya vinasaba vya seli ya ini, na saratani inaweza kuota kwenye ini lisilo na sirosisi. Afrika kusini mwa Sahara huwapata wengi wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi. Kipimo cha damu cha ALT, kinachoonyesha kama seli za ini zinaumia, kikiwa kizuri hakikuhakikishii usalama. Kinachotafuta saratani mapema ni ultrasaundi kila baada ya miezi 6, ikiambatana na kipimo cha damu cha AFP (protini inayoweza kupanda kukiwa na saratani ya ini) pale kinapopatikana. Mwenye sirosisi hapaswi kuruka hata mara moja. Kama huna sirosisi lakini mzazi au ndugu wa damu aliugua saratani ya ini, liseme hilo siku ya kwanza. Mpimaji naye aambiwe kama ini lina mafuta, maana mafuta hufifisha picha na uvimbe mdogo unaweza kupita bila kuonekana.

"Homa ya ini B haitibiwi mpaka ini liharibike."

Huu ulikuwa karibu na utaratibu wa zamani, ndiyo maana bado unasemwa hata na watumishi wa afya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024 umepanua mlango: kuwa na kisukari pamoja na homa ya ini B sugu ni sababu tosha ya kufikiriwa dawa. Hili liulizie kliniki kwa maneno hayohayo.

Mwongozo huohuo unatumia hesabu ya APRI kukadiria makovu, na vipimo vyake ni vya kawaida. Chukua AST yako (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu), gawa kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara, gawa tena kwa chembe sahani, zile za kugandisha damu (kwa maelfu), kisha zidisha kwa 100. AST 48, kiwango cha juu 40, chembe sahani 160: jibu ni 0.75. Likizidi 0.5 kwa mtu mzima, dawa inastahili.

Dawa yenyewe mara nyingi ni tenofoviri miligramu 300, kidonge kimoja kwa siku. Inakilaza kirusi, haikiondoi. Ukiiacha ghafla kinaweza kuamka kwa kishindo. Kwa kuwa kisukari hushambulia figo na tenofoviri nayo huweza kuzigusa, kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) ipimwe kabla ya kuanza na irudiwe baadaye.

"Sukari imeshuka yenyewe, nimepona kisukari."

Hapa tunaomba usome taratibu. Ini ndilo ghala la sukari wakati wa njaa. Likichoka haliwezi tena kuitoa, na wakati mwingine uvimbe wa saratani nao hushusha sukari. Mtu anayetumia glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari) au insulini kwa dozi ileile ya zamani anaweza kuanguka usiku. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa bila kubadili dawa wala chakula, kula kitu chenye sukari mara moja, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hasa kama umekonda au tumbo limejaa.

Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, nacho hudanganya kwenye sirosisi: wengu uliovimba huharibu chembe nyekundu mapema, na namba hutoka ndogo kuliko hali halisi. Amini zaidi vipimo vya kidole vya asubuhi na baada ya kula.

"Metfomini huua ini."

Hapana. Homa ya ini peke yake si sababu ya kuacha dawa hii ya kisukari, na tafiti za ufuatiliaji zimeona saratani ya ini kidogo zaidi kwa wanaoitumia, ingawa haiandikwi kama kinga. Inasimamishwa ini likishindwa kazi (tumbo kujaa maji, macho ya manjano, fahamu kuyumba), figo zikidhoofika sana, au kwa mlevi wa kupindukia, kwa sababu asidi ya laktiki inaweza kujaa kwenye damu.

"Karanga hazina madhara kwa mwenye kisukari."

Zikiwa safi, sawa. Zenye kuvu zina sumukuvu ya aflatoksini, ambayo ikiungana na kirusi cha B huzidisha sana hatari ya saratani. Kuchemsha hakuimalizi. Zilizosinyaa, chungu au zenye rangi ya ajabu zitupwe, na mahindi vilevile.

"Kipima sukari kimoja kinatosha nyumba nzima."

Kirusi cha B huishi nje ya mwili kwa angalau siku 7, hata kwenye doa la damu lisiloonekana. Kitobolea kidole kiwe cha mtu mmoja tu, na sindano yake itupwe kila mara. Wengine nyumbani wapimwe. Asiye na maambukizi wala kinga apate chanjo 3: leo, baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 6. Tanzania chanjo hii iliingia kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo wasidhani waliipata utotoni.