Ganzi ya kisukari miguuni: maswali kuhusu mazoezi na utulivu

Nina kisukari kwa miaka mingi. Usiku nyayo zinawaka moto, mchana sizihisi. Mguu mmoja unawezaje kuuma na kufa ganzi kwa pamoja?

Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, pamoja na mishipa midogo ya damu inayoilisha. Ile mirefu huumia kwanza. Ndiyo maana dalili huanzia vidole vya miguu, zikapanda taratibu kuelekea magoti, na mikono hufuata baadaye. Mshipa ulioharibika hupeleka taarifa za maumivu pasipo na jeraha, na pale penye jeraha la kweli hunyamaza.

Kuwaka moto kunakunyima usingizi, lakini cha kuogopa zaidi ni huko kunyamaza. Mwaka 2005 Profesa Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha habari za wagonjwa wa kisukari nchini Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Ganzi ilipowazidi, hawakusikia meno.

Ila si kila ganzi ya mwenye kisukari imetokana na sukari. Metformini, dawa ya kisukari, ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12 mwilini. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, nayo huweza kuumiza mishipa hiyohiyo, na pombe pia. Mtajie daktari kila unachotumia.

Je, mazoezi yanaweza kuiponya mishipa hiyo?

Kuiponya yote, hapana, na yeyote anayekuuzia chupa ya kuiponya anakula fedha zako. Ila mazoezi yanasaidia. Utafiti wa Italia uliochapishwa 2006 uliwafuatilia kwa miaka 4 watu 78 wenye kisukari ambao mishipa yao ilikuwa bado mizima. Wale waliotembea kwa kasi chini ya usimamizi, saa 4 kwa wiki, walipata uharibifu huo kwa uchache kuliko wenzao. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Kansas kiliwafanyisha mazoezi kwa wiki 10 watu 17 ambao tayari walikuwa na tatizo. Maumivu yao yalipungua, na vipimo vya ngozi vilionyesha nyuzi ndogo za fahamu zikichipua matawi. Watu 17 ni wachache, lakini naona ni sababu tosha ya kutokata tamaa.

Mbona niliambiwa mwenye ganzi asitembee sana, atapata vidonda?

Ulikuwa ushauri wa kawaida zamani. Utafiti wa Marekani wa 2008 uliohusisha watu 79 wenye ganzi ulionyesha kuwa waliotembea na kufanya mazoezi ya kusimama hawakupata vidonda vingi kuliko wasiofanya. Lakini walikuwa wakiangaliwa miguu, na hilo ndilo sharti.

Lengo ni dakika 150 kwa wiki, bila kupitisha zaidi ya siku 2 mfululizo umekaa tu. Kama hujazoea, anza na dakika 5 baada ya chakula, uongeze kidogokidogo. Vaa soksi na viatu vinavyofunika vidole, vyenye nafasi mbele na soli imara. Ndala ziachie wengine: kamba yake husugua katikati ya vidole, na msumari hupenya soli bila wewe kujua. Kung'uta kila kiatu na uingize mkono ndani kabla ya kuvaa. Ganzi huharibu pia usawa wa mwili, kwa hiyo shika meza na ujizoeze kusimama kwa mguu mmoja, kisha kuketi na kuinuka kitini mara 10.

Mwenye kidonda wazi asitembee kwa mazoezi. Afanye ya mikono, akiwa ameketi. Na mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na mwekundu kuliko mwingine, hata kama hauumi, acha kuukanyaga na uende hospitali siku hiyohiyo. Huenda mifupa inavunjika ndani, na kuendelea kuutembelea kunaweza kuupinda moja kwa moja.

Zoezi la kutulia linaingiaje hapa? Maumivu yangu si ya kuwazia.

Ni ya kweli kabisa. Lakini juu ya ule moto wa nyayo kuna hofu, hasira na hesabu za saa ngapi zimebaki kabla ya alfajiri, na hivyo huongeza mateso. Huko Ottawa, Kanada, utafiti uliochapishwa 2017 uliwagawa watu 66 wenye maumivu ya aina hii makundi mawili. Waliofundishwa kutulia kwa wiki 8 waliripoti kuwa maumivu yanavuruga maisha yao kwa kiasi kidogo kuliko waliokuwa bado wanasubiri zamu ya kufundishwa.

Keti kitini, nyayo zikiwa sakafuni. Fuata pumzi inavyoingia na kutoka kwa dakika chache, bila kuilazimisha. Kisha peleka fikra mwilini, kutoka kichwani hadi tumboni, mapajani, magotini, na mwisho nyayoni. Ukikuta moto, utambue tu: hapa panawaka, hapa panachoma. Usipigane nao, na usijilaumu fikra zikikimbilia ada za watoto. Zirudishe.

Sasa, kwa mwenye ganzi mimi huongeza jambo ambalo kwangu ni la lazima. Ukifika nyayoni, fungua macho. Fikra zako haziwezi kuhisi malengelenge ambayo mshipa haujayaripoti. Inua mguu, tazama kisigino, unyayo na kati ya vidole. Tumia kioo, au mwite mjukuu akuangalie. Umakini uleule ulioupeleka kwenye pumzi uelekeze kwenye ngozi: rangi iliyobadilika, mpasuko, unyevu, sehemu yenye joto kuliko mguu wa pili. Fanya hivyo kila jioni, na kila urudipo kutembea.

Je, zoezi hili ni dini ya watu wengine?

Jon Kabat-Zinn aliyeanzisha programu ya hospitalini ya zoezi hili mwaka 1979, huko Massachusetts, alichota kwenye mapokeo ya Kibudha, lakini programu yenyewe haina sala wala ibada. Unapumua na kutazama mwili wako.

Mama yangu ana ganzi na anasali sala tano. Aangalie nini?

Baada ya udhu akaushe katikati ya vidole, maana unyevu huleta fangasi na mipasuko. Kikao cha attahiyatu hukandamiza kifundo na vidole, kwa hiyo mkague sugu sehemu hizo. Akishindwa, anaruhusiwa kusali kitini. Asipite peku kwenye ua wa msikiti juani. Maji ya moto apimiwe na mtu mwingine, na asiote miguu kwenye jiko la mkaa. Sugu zikatwe kliniki, si kwa wembe nyumbani.

Nipime nini kabla ya kuanza?

Ukitumia insulini au glibenklamidi, dawa zinazoweza kushusha sukari kupita kiasi, pima sukari. Ikiwa chini ya 5 mmol/l, kula kwanza, na utembee na sukari au soda mfukoni. Kisukari huweza kugusa pia mishipa inayoendesha moyo. Kama ukisimama unapata kizunguzungu, au moyo unakwenda mbio ukiwa umepumzika, daktari akupime kwanza. Mwenye tatizo la macho ya kisukari aulize kabla ya kuinua vitu vizito.

Na dawa za maumivu niache?

Usiache. Amitriptilini, duloksetini, gabapentini na pregabalini hutolewa kwa maumivu haya, na zinakwenda pamoja na yote niliyoeleza. Unayopaswa kukwepa ni diklofenaki ya kujinunulia dukani: kwa maumivu ya mishipa ya fahamu haifanyi kazi vizuri, na huweza kuumiza figo ambazo kisukari tayari kinazilemea. Ukienda kliniki, vua viatu na soksi hata kama hujaambiwa, na uombe kupimwa hisia za nyayo kwa ule uzi wa plastiki unaogusishwa kwenye ngozi, angalau mara 1 kwa mwaka.