Maganda ya kahawa bustanini: yanayosemwa na yalivyo

Huku Kilimanjaro ukimwambia mtu "maganda ya kahawa", anaweza kukuletea ndoo ya maganda mabichi au gunia la makavu. Wa mjini atakuletea machicha ya kikombeni. Ni vitu vitatu mbalimbali, na ushauri wa kimoja hupachikwa kwa kingine.

Dhana: Maganda mabichi ni mbolea tayari, mwaga tu.
Niliamini hivyo. Msimu mmoja nilibeba ndoo nne kutoka kwenye mashine ya kumenyea, nikazimwaga juu ya tuta la mchicha. Siku ya tatu ukitia mkono ndani unahisi joto, harufu ni ya pombe iliyochacha, na nzi hawana idadi. Wiki haijaisha, mchicha umekuwa wa njano.

Kahawa mbivu ikimenywa, karibu asilimia 40 ya uzito wake ni hilo ganda jekundu, lenye sukari na utelezi. Likioza linamaliza hewa kwenye mizizi, na kafeini na tanini zake (tanini ni ile inayokaza ulimi kwenye chai kali) hudumaza miche. Lilundike kwanza pamoja na majani makavu ya mgomba na samadi kidogo. Geuza kila baada ya wiki mbili hivi, usubiri miezi mitatu hadi sita, mbali na mfereji. Likishapoa, likawa jeusi na kunukia udongo, limeiva. Lina potasiamu nyingi, na mgomba ni mlafi wa potasiamu.

Dhana: Ganda ni ganda.
Yale makavu yanayobaki kahawa ikikobolewa, mepesi kama karatasi, huoza taratibu mno na naitrojeni yake ni kidogo. Usiyafukie, yatandaze juu ya udongo, au bora zaidi yatandike kwenye banda la kuku. Yakitoka humo na kinyesi chake, hapo tena ni habari nyingine.

Dhana: Machicha yanatia udongo tindikali.
Tindikali nyingi umeshainywa. Inayobaki kwenye machicha hutofautiana, lakini kwa kawaida si ya kubadilisha udongo sana.

Dhana: Machicha yanafukuza konokono.
Utafiti wa Hawaii uliotoka mwaka 2002 uliwaua kwa maji yenye kafeini ya asilimia 1 hadi 2. Kahawa ya kunywa ina kama asilimia 0.05. Chukua tochi usiku uwaokote.

Dhana: Yakiwa mengi ndiyo vizuri.
Machicha yakirundikwa yakakauka, hushikana kama sakafu na maji yanateleza juu. Yasizidi unene wa sentimita moja, na kwenye mboji yasizidi moja ya tano ya lundo. Usiyaweke kabisa mahali ulipotoka kusia mbegu. Ya muuza kahawa wa kijiweni pengine yatakuja na vipande vya tangawizi; hivyo havina neno.