Kengele ya mlangoni haimjui mwizi

Watu wengi huamini kwamba kengele ya mlango wa duka ikilia, aliyepita ni mwizi. Si kweli, na imani hiyo imewaaibisha wengi wasio na hatia.

Zile nguzo mbili za mlangoni zinazoiliza kengele hazijui nani amelipa na nani hajalipa. Zinachotafuta ni kibandiko tu, kile cha ulinzi kinachowekwa kwenye bidhaa. Katika mfumo mmoja unaotumika sana, ndani ya kibandiko mna utepe mwembamba wa metali uliozungushwa, unaoitikia mawimbi ya redio ya takriban megahezi 8.2. Nguzo zikipata mwitikio huo, kengele inalia. Basi. Mhudumu wa kaunta ndiye anayepaswa kukizima kibandiko kwa kukipitisha juu ya kifaa maalumu, au kuking'oa kile cha plastiki ngumu kilichobanwa kwenye nguo. Akisahau, au kifaa kisipofanya kazi sawasawa, aliyelipa ndiye anayeliliwa na kengele mbele za watu. Hata nguo uliyonunua duka jingine yaweza kuiliza, ikiwa kibandiko chake hakikuzimwa na mifumo inafanana.

Kwa hiyo huenda kosa limeanzia kaunta. Mlinzi mwenye adabu husema, "Samahani, pengine tumesahau kutoa kibandiko," kisha huomba risiti kwa sauti ya chini. Anayekimbilia kumshika mteja mkono na kupekua mfuko wake hadharani amekwisha kumhukumu. Na duka likigundua kwamba lilisahau, naona liombe radhi palepale mlangoni, watu wakisikia.