Jukwaa kwanza, machozi baadaye

Wanafunzi wengi wapya wa maigizo hutaka waanze na sauti, hasira na machozi. Mimi huwaanzisha na sakafu. Mwigizaji asiyejua amesimama wapi, hata alie namna gani, kilio chake hakimfikii mtu.

Kulia kwa jukwaa ni kulia kwa mwigizaji aliyeielekea hadhira. Kushoto vivyo hivyo. Mwongozaji, ambaye wakati wa mazoezi hukaa upande wa watazamaji, ndiye mwenye kazi ya kugeuza kichwani, si wewe.

Mbele na nyuma pana hadithi ndefu zaidi. Katika kumbi nyingi za Ulaya za karne ya 16 na 17, sakafu ya jukwaa ilijengwa kwa mteremko: nyuma juu, mbele chini. Mteremko huo ulishirikiana na mandhari zilizochorwa ili mahali pafupi paonekane parefu. Nenda Vicenza, Italia, utazame Teatro Olimpico, ukumbi uliobuniwa na msanifu majengo Palladio na kufunguliwa mwaka 1585. Mitaa ya mbao aliyoiongeza jukwaani msanifu mwenzake Scamozzi bado imesimama, inapanda na kubana kadiri inavyorudi nyuma. Inapendeza sana, mpaka mwigizaji aingie ndani kabisa ya mtaa: ghafla anakuwa jitu linalolingana na maghorofa.

Majukwaa mengi ya leo ni bapa, lakini waongozaji wengi wangali wanasema "panda" wakitaka urudi nyuma, na "shuka" wakitaka uisogelee hadhira. Zingatia jambo hili, maana linazaa ugomvi. Ukipanda katikati ya mazungumzo, mwenzako analazimika kukugeukia, na watazamaji wanabaki na kisogo chake huku uso wako wote wakiuona. Wapo wanaofanya hivyo makusudi. Ni wizi tu.

Haya yote yanafaa pale hadhira inapokaa upande mmoja, na haikuwa hivyo siku zote. Huko Epidauros, Ugiriki, katika ukumbi wa karne ya 4 KK, viti vya mawe vinazunguka zaidi ya nusu duara. Waigizaji walivaa vinyago, na korasi, yaani kundi la waimbaji, iliimba na kucheza katika uwanja wa mviringo. Kwa mujibu wa mwanafalsafa Aristotle, mtunzi wa tamthilia Aeschylus ndiye aliyeongeza mwigizaji wa pili, na mtunzi Sophocles wa tatu. Watu hao wachache walibadilishana vinyago na kubeba wahusika wote. Globe, ukumbi wa London uliojengwa 1599, ilikuwa na watazamaji pande tatu na maonyesho yakafanyika mchana. Usiku uliletwa na maneno ya mhusika, au na mwenge mkononi mwake.

Jukwaa lenye fremu, lile ambalo hadhira hulitazama kutoka mbele kama kupitia dirisha, ndilo lililotupa ukuta wa nne, ule usioonekana kati ya mwigizaji na hadhira. Mwaka 1758 mwandishi Mfaransa Diderot aliwashauri waigizaji wawazie ukuta mkubwa ukingoni mwa jukwaa na kucheza kana kwamba pazia halijafunguliwa. Ni zoezi zuri, ila lisikufanye unong'one. Ukuta huo hauna haki ya kuzuia sauti.

Kuhusu maleba na vifaa vya mkononi nina neno moja: vizoee mapema. Sketi ndefu hubadilisha mwendo wako, na usiku wa onyesho si wakati wa kuligundua hilo.

Taa zinahitaji darasa lake. Savoy, ukumbi wa maonyesho wa London, ilianza kutumia taa za umeme mwaka 1881, na tangu hapo kishawishi cha kurundika rangi hakijaisha. Anza na utaratibu ambao Stanley McCandless, mwalimu wa taa za jukwaa, aliueleza mwaka 1932: taa mbili kwa kila eneo, kila moja ikitoka juu upande wake kwa nyuzi 45, moja ya rangi ya joto, nyingine ya ubaridi. Uso unapata umbo bila kupotea gizani. Kisha tafuta mwanga ukiwa umefumba macho; utausikia kwenye paji la uso. Usipousikia, sogea.