Kuzunguka neno bila kulitaja

Katika kazi yangu ya kufasiri hapa Tanga, neno la Kiingereza lililonisumbua kwa muda mrefu ni circumlocution. Asili yake ni Kilatini, ambamo circum ni kuzunguka na loqui ni kusema, na Warumi waliliunda kwa kufuata periphrasis la Wagiriki. Maana yake ni kutumia maneno mengi kwa jambo ambalo neno moja lingelimaliza. Wapo wanaolifasiri "mafumbo", nami nilifanya hivyo kwa miaka. Sasa naona si sahihi, kwa sababu fumbo humtaka msikilizaji alifumbue, ilhali anayezunguka neno mara nyingi anataka kueleweka papo hapo.

La kuangalia kwanza ni kwa nini mtu anazunguka. Mjomba wangu wa Ngamiani, baada ya kupatwa na kiharusi, alikuwa akikaa barazani na kuniambia, "Mwanangu, nipe kile... kile cha kufungulia mlango," huku vidole vyake vikizungusha hewani ufunguo usiokuwepo. Kitu alikijua, na kazi yake aliijua. Jina tu ndilo lililomponyoka. Hali hii ya kupotewa na maneno wataalamu huiita afasia, na kwao circumlocution ni dalili, tena ni njia ambayo mgonjwa huhimizwa kuitumia ili mazungumzo yasikatike. Kuandika "mafumbo" katika maelezo ya ugonjwa wa namna hii ni kumsingizia mgonjwa kwamba anaficha jambo. Hapo mimi huandika "kueleza kitu badala ya kukitaja", na urefu wake siuonei shida.

Mshenga naye huzunguka, lakini kwa adabu. Akishapiga hodi, akakaribishwa na wakajuliana hali, hasemi kwamba amekuja kuposa. Husema kijana wao anatafuta jiko, na wazee wa upande wa pili humjibu kwa njia hiyohiyo. Hiyo ni tafsida, wala haina lawama.

Lawama imo katika matumizi ya Kiingereza. Charles Dickens, katika riwaya yake Little Dorrit iliyotoka kwa sehemu kati ya 1855 na 1857, alibuni idara ya serikali aliyoiita Circumlocution Office, ambayo ustadi wake mkubwa ulikuwa kuhakikisha kwamba jambo halifanyiki. Mwandishi wa Kiingereza anapolitumia neno kwa maana hii ya makaratasi na njoo kesho, "kukwepa kwa maneno mengi" panatosha.

Niliwahi kupitia tafsiri ambayo hapo iliwekwa "kuzunguka mbuyu", nikaomba ibadilishwe mara moja, kwa kuwa ofisa aliyekuwa akijibu maswali kwa kirefu alikwishageuzwa mtoa rushwa. Msemo huo wenyewe ni tafsida: hongo haitajwi, unatajwa mti.